Duka la fulana halitalipia ukumbi wenu

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ile ile. Kijana mwenye adabu zake, mwenyekiti mpya wa jumuiya ya waandika programu, akaanza kama wanavyoanza wote: "Shikamoo dada. Tumekaa kikao, tumeamua tufungue duka la mtandaoni. Fulana, vikombe, kofia, stika. Likishasimama, tunaachana na kuombaomba wafadhili."

Nikamuuliza mko wangapi. Mia tatu, kwenye kundi la WhatsApp. Waliokuja mkutano wa mwisho? Arobaini. Na kati ya hao arobaini, wangapi wamesema kwa kinywa chao kwamba watatoa elfu ishirini kwa fulana? Akanyamaza.

Simu hiyo nimeipokea mara nyingi mno, ndiyo maana leo naandika. Nachapa fulana Kariakoo mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa miaka minne nimekuwa mweka hazina wa kujitolea wa jumuiya moja ya teknolojia hapa Dar. Nimekaa upande wa anayepokea oda, nikakaa na upande wa anayelala na maboksi ya fulana uvunguni. Nazipenda jumuiya hizi, na inaniuma kuona hela zao chache zikigeuka kitambaa.

Tuanze na hesabu, maana kosa linazaliwa pale pale ubaoni siku ya kikao. Tuseme mnachapa fulana 100. Fulana tupu ya pamba, GSM 180 (uzito wa kitambaa, gramu kwa mita ya mraba), shilingi 9,000. Kuchapa rangi mbili mbele na rangi moja mgongoni, 3,000. Jumla 1,200,000. Mtauza 20,000. Mwenye chaki anaandika "faida 800,000" na watu wanapiga makofi.

Sasa tazama hiyo faida imekaa wapi. Fulana 60 za kwanza zinarudisha mtaji tu, hazijaleta hata senti. Kumi na tano zitaondoka bure, na ni haki ziondoke: watoa mada, waliojitolea, mpiga picha, yule dada aliyewaombea ukumbi kwa mwajiri wake. Zimebaki 25. Faida yenu yote imo kwenye hizo 25 za mwisho, na za mwisho ndizo zile zisizotoka: XS nane, XXL tisa, na nyingine za rangi ambayo mjumbe mmoja aliing'ang'ania kikaoni. Mkiuza tano kati ya hizo, mmepata laki moja, kabla ya makato ya miamala, mifuko ya kufungia na ile fulana moja iliyorudishwa. Laki moja, kwa kazi ya miezi miwili ya watu watatu wasiolipwa.

Kwa hiyo ninapomwambia mtu duka halitaleta hela simkatishi tamaa. Namwonyesha kwamba faida ya fulana inategemea kubahatisha saizi, na hapo ndipo karibu kila jumuiya niliyoihudumia imekosea.

Fomu zote zinauliza: "Unavaa saizi gani?" Swali hilo liondoeni. Halina jibu. Mtu anajibu kwa kukumbuka fulana aliyoizoea, na wengi wetu tumezoea mitumba. L ya mtumba uliotoka Ulaya au Marekani ni pana. L ya fulana tupu inayoingia dukani kutoka China mara nyingi ni nyembamba, na hata hizo za China hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Nimewahi kupima L mbili za maduka mawili yaliyotazamana: moja kifua kilichotandazwa sentimita 52, nyingine 56. Zote zimeandikwa L, na zote ni L halali, kwa sababu L ni uamuzi wa kiwanda, haijawahi kuwa kipimo.

Fanyeni hivi. Mwambieni mnunuzi achukue fulana anayoipenda, aitandaze mezani, apime kutoka kwapa hadi kwapa, halafu kutoka begani hadi pindo la chini. Aandike sentimita. Upande wenu, nunueni kwanza fulana moja ya kila saizi kutoka duka lile lile mtakalochukua mzigo, mzipime, mzifue, mzianike, mzipime tena. Pamba hurudi. Namba za baada ya kufua ndizo za kuweka dukani. Jedwali la saizi mlilolinakili kwenye tovuti ya duka la ng'ambo ni jedwali la fulana za mtu mwingine.

Na hili neno "unisex" linalobandikwa kila mahali! Maana yake kwa vitendo ni fulana ya mwanamume ambayo mwanamke ameruhusiwa kuinunua. Shingo inapwaya, mabega yanashuka, nyonga inabana. Halafu wanakaa kikao kujiuliza kwa nini wasichana wa jumuiya hawanunui. Wananunua, kisha wanawapa kaka zao. Ongeza na wanaovaa hijabu: fulana ya mikono mifupi inawalazimu kuvaa nguo nyingine ndani, kwenye joto la Pwani. Mwaka 2023 DjangoCon Africa, mkutano wa waandika programu wanaotumia Django, ulifanyika Zanzibar, na mikutano ya namna hiyo itaendelea kuja huku kwetu. Anayepanga bidhaa za mkutano Unguja bila fulana ya mikono mirefu amewasahau wenyeji wake. Tofauti ya bei ni ndogo. Anayesema "hatukupata maombi" anasahau kwamba fomu yake haikuwa na kisanduku cha kuombea.

Nembo sasa. Hapa nitakwenda haraka kidogo, ingawa naletewa maafa kila mwezi: nembo iliyopakuliwa WhatsApp, imechuja, wanataka iwe kubwa mgongoni. Nileteeni faili la vekta, lile linalokuzwa bila kuchuja. Kwenye uchapaji wa skrini, yaani fremu ya kitambaa inayopitisha wino, kila rangi inataka skrini yake, kwa hiyo nembo ya rangi sita zinazoyeyukiana ni aidha gharama kubwa au tuhamie DTF, mchoro unaochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwa pasi ya moto, ambayo inachapa chochote ila kwenye joto la huku mchoro mkubwa unakaa kifuani kama bandiko la nailoni. Rangi moja iliyochorwa vizuri hupendeza kuliko sita.

La ruhusa ni zito zaidi. "Sisi si wafanyabiashara" haikupi haki ya kuuza nembo ya mwenzako. Nyoka wawili wa Python, lugha ya kuandikia programu, ni alama ya biashara ya Python Software Foundation, na kabla ya kuwaweka kwenye kitu cha kuuza, soma sera yao na uombe ruhusa. Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mfumo huria wa kompyuta, wao wana nembo mbili: ule mzunguko mwekundu peke yake ni wa matumizi huria, lakini ile yenye chupa ina masharti. Na pengwini Tux, alama ya mfumo wa kompyuta wa Linux, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996, ana sharti la kiungwana kuliko yote: mtumie, mbadilishe, ila mtu akikuuliza, mtaje mchoraji na programu ya GIMP aliyomchorea. Jumuiya za Linux zinaweza kuanza na huyo bila kumwandikia mtu barua.

Tena hao Debian wana jambo ningependa kila mwenyekiti alijue. Mradi wenyewe, ulioanza mwaka 1993, hauuzi fulana. Unasema wazi kwamba hautengenezi wala hauuzi bidhaa. Unaorodhesha wauzaji na kuonyesha ni yupi anayechangia mradi kutokana na mauzo. Kama wao wenye watumiaji dunia nzima wameamua kazi ya maboksi iende kwa wenye maboksi, jumuiya ya watu arobaini ina haki ya kufikiri mara mbili.

"Basi dada, tutumie wale wanaochapa moja moja mtu akiagiza." Printful na wenzake. Ndiyo, hamtunzi mzigo, na kwa mwanachama aliye London au Minnesota ni njia nzuri. Iacheni wazi kwa ajili yake. Kwa mnunuzi wa Mbeya, fulana inasafirishwa kutoka nchi nyingine, usafiri unaweza kuzidi bei ya fulana yenyewe, halafu forodha. Atakayenunua ni mmoja, na atawalaumu ninyi, hataulaumu mtambo ulioichapa.

Mkishajenga ukurasa wenu wenyewe, tafadhali futeni ule mpangilio wa anwani unaokuja na programu ya duka. Unadai msimbo wa posta, jimbo, mstari wa pili wa anwani. Tanzania ina misimbo ya posta; muulize mnunuzi wa kwako aitaje. Nimeona watu wakijaza 00000 hadi fomu ikubali, na wengine wakiacha oda njiani. Mzigo wa mkoani unakwenda kwa basi. Unahitaji jina, namba ya simu inayopatikana, mkoa, na ofisi ya basi atakapochukulia. Kwa Dar, mtaa na alama inayojulikana, bodaboda atapiga simu. Basi.

Malipo: lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Si namba ya mwenyekiti, si ya mke wa katibu, si "kwa muda tu". Jumuiya moja niliyoifanyia kazi ilipoteza hela za oda nzima hivi, na hakuna aliyeiba. Simu ya mtu ilipotea, akasafiri, akabadilisha laini, mahesabu yakachanganyika na ada ya shule ya mtoto wake. Urafiki wa miaka sita ukavunjika kwa ajili ya fulana. Kama bado hamna usajili unaowaruhusu kuwa na akaunti, hilo ndilo la kufanya mwaka huu, fulana zisubiri.

Kuhusu kodi, kwa ufupi: shirika lisilogawana faida linaruhusiwa kupata ziada, haliruhusiwi kuwagawia wanachama. Ni mambo mawili tofauti. Na msamaha haujileti wenyewe. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ili muhesabiwe taasisi ya hisani Kamishna lazima awatambue hivyo. VAT ni habari nyingine, ina kiwango chake cha mauzo ambacho duka la fulana 100 halikifikii. Nendeni ofisi ya TRA mkaulize mapema, kabla hamjauza ya kwanza. Na zile orodha za majina na namba za simu ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: msiziache kwenye lahajedwali ambalo kila mwenye kiungo anaweza kulifungua.

Sasa mimi nafanyaje? Duka langu la jumuiya liko wazi wiki mbili, mara mbili kwa mwaka. Mtu analipa kwanza, dirisha linafungwa, ndipo naagiza fulana tupu kwa idadi na vipimo vilivyolipiwa, pamoja na zile za watoa mada ambazo gharama yake imeshagawanywa ndani ya bei. Hakuna boksi la uvunguni. Ziada inayopatikana ni ndogo na inajulikana kabla hatujachapa. Stika sijawahi kuziuza. Natoa bure, maana stika kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Dodoma inaitangaza jumuiya kuliko fulana yoyote niliyoiuza.

Kuna mambo mawili yananisumbua kwenye njia hii. La kwanza ni hilo la kulipa kwanza. Mwenye mshahara halioni tatizo. Mwanafunzi aliyehudhuria kila mkutano kwa miaka mitatu anaweza asiwe na elfu ishirini katika wiki mbili hizo hizo, na siku ya picha ya pamoja yeye ndiye anasimama pembeni na shati lake. Tulijaribu kuweka kitufe cha kumchangia mwenzako elfu tano. Hela zilipatikana, lakini nani ajitokeze kuomba? Sasa natenga chache na kuwapa kimya kimya ninaowajua. Ninaowajua, ndilo neno linalonikera, kwa sababu wapo nisiowajua.

La pili ni usafiri. Wa Mwanza na wa Kinondoni wanalipa bei moja kwangu, nauli ya basi nimeisambaza kwa wote. Mjumbe mmoja wa Dar aliniambia anawalipia wengine. Kweli anawalipia. Nimeshikilia hivyo hivyo, kwa sababu jumuiya inajiita ya Tanzania na mikutano yote inafanyika Dar, lakini sina jibu la kumnyamazisha na sijalitafuta.

Yule kijana nilimshauri afungue dirisha la wiki mbili, rangi moja, fulana nyeusi na nyeupe, mikono mirefu iwemo. Jana jioni alikuwa na oda 31 zilizolipwa. Ni chache kuliko mia, na zote zina mwenyewe.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kingenifanya nivunje sharti langu la kuuza kwanza, nacho ni kanga. Tuna mji wa kanga umeshachorwa, matundu ya kadi za zamani za kompyuta yamepangwa kama maua, pindo la korosho, na jina wanachama walilipigia kura: NAKILI, ILA NITAJE. Kiwandani hawachapi doti chache, wanataka oda ambayo jumuiya moja haiwezi kuibeba peke yake. Kama yenu inaweza kuchukua doti hamsini, ikazilipia, niandikieni kabla ya mwisho wa mwezi.