Kufika Lenana si kufika kileleni: dhana potofu kuhusu jabali la Mlima Kenya

Alfajiri pale Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, jua likianza kuchomoza, watu hukumbatiana, hupiga picha na kutuma habari nyumbani kwamba wamefika kilele cha Mlima Kenya. Wakigeuka tu kuelekea magharibi wangekiona kilele chenyewe: jabali jeusi limesimama wima mbele yao, limepasuka juu likawa vichwa viwili, Nelion na Batian. Nimeshasimama pale nikasikia pongezi hizo, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha mtu aliyetembea usiku kucha kwenye baridi. Lakini kuna mengi yanayosemwa kuhusu jabali lile ambayo yanafaa kuwekwa sawa.

Dhana: Ukifika Lenana umeupanda mlima wote.

Lenana ina mita 4,985, nayo hufikiwa kwa miguu. Nelion ina mita 5,188 na Batian 5,199. Kwa hesabu tofauti ni mita 214 tu, ila mita hizo si za kutembea. Ni za mikono, kamba na nyufa za mwamba. Hata ukiwa juu ya Nelion bado hujamaliza, maana kati yake na Batian kuna pengo lenye barafu liitwalo Lango la Ukungu. Unateremka humo kwa kamba, kisha unaanza kupanda tena. Vilele hivyo vimepewa majina ya ukoo mmoja wa Kimasai: Mbatian aliyekuwa laiboni mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, ndugu yake Nelieng, na mwanawe Lenana.

Dhana: Mackinder aliupanda mlima huu peke yake.

Ukisoma kitabu cha shule utakutana na sentensi moja: Halford Mackinder, Mwingereza, alifika kileleni mwaka 1899. Tarehe haina ubishi, ni 13 Septemba. Ila hakuwa peke yake. Alikuwa na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milimani kutoka Courmayeur, Italia. Ollier ndiye aliyekwenda mbele akichonga vidato kwa shoka kwenye barafu ngumu kupita kiasi, ndipo barafu ile ikaitwa Almasi.

Na hao watatu walifikaje chini ya jabali? Msafara ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai 2 na Wakikuyu 96. Nchi waliyopita ilikuwa imekumbwa na njaa na maradhi. Walipofika kambi ya chini chakula hakikupatikana, watu wawili wa msafara wakauawa na wenyeji, na ikabidi msaada utafutwe Naivasha. Katika karatasi za Mackinder mna orodha ya wapagazi ambayo mbele ya majina manane imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria wanabishana mpaka leo juu ya maana ya maneno hayo. Mimi nasema hivi: anayeisimulia siku ile ya Septemba bila kuwataja watu waliobeba mizigo hajaisimulia historia ya mlima huu. Nusu yake ameiacha kambini.

Dhana: Baada ya hapo njia ilikuwa wazi.

Ilipita karibu miaka 30 bila mtu mwingine kufika Batian, ingawa kujaribu walijaribu, akiwemo mmishenari John Arthur, aliyerudi tena na tena akashindwa. Januari 1929 ndipo Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuja Kenya kwa kilimo cha kahawa, alipopanda na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni. Walipitia uso wa kusini-mashariki, wakawa wa kwanza kukanyaga Nelion, kisha wakavuka hadi Batian. Njia yao ndiyo inayopitwa na wengi hadi sasa.

Mwezi nao una maana yake. Mlima uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama upande. Januari na Februari jua liko kusini, na mwamba wa kusini unakauka. Julai hadi Septemba ni zamu ya kaskazini. Mackinder alikwenda kusini mwezi Septemba, baada ya miezi ya kivuli, akakuta barafu. Mlima ni ule ule, lakini jabali lilikuwa jingine.

Dhana: Kamba ndiyo inayokupandisha.

Hili nalisikia kila mara, na linawanyima wapandaji haki yao. Katika upandaji wa asili kamba haikuvuti kamwe. Wala mwambani hamna boliti zilizopachikwa kwenye matundu kukungoja. Anayetangulia hutoka chini na kamba iliyofungwa kiunoni, na pembeni ananing'iniza kabari ndogo za chuma za ukubwa mbalimbali. Hutafuta ufa unaopungua kuelekea chini kama shingo ya chupa. Huiingiza kabari pale palipo pana, huivuta chini mpaka ikwame, huitikisa, huivuta tena. Ikikaa, hupitisha kamba kwenye pete yake na kuendelea. Akiteleza akiwa mita mbili juu ya kabari hiyo, ataanguka mita nne na zaidi kabla kamba haijamkamata. Mwenzake anayefuata huzichomoa zote, na nyuma yao mwamba unabaki kama walivyoukuta.

Kabari hizo zilianzia Uingereza, wapandaji walipookota nati za mashine, wakakwangua hesi za ndani na kuzipitisha kamba. Shipton na mwenzake hawakuwa nazo. Walikuwa na kamba ya mmea na buti za misumari, na kanuni iliyowatawala ilikuwa moja: anayetangulia haanguki.

Dhana: Wafungwa wa Kiitaliano waliishinda Batian.

Januari 1943 Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki, wakapanda mlima, kisha wakarudi wenyewe kambini. Hilo ni kweli tupu. Kamba zao zilikuwa za katani, zile za kusukia vitanda vya kambi, na mashoka ya barafu waliyafua kutoka nyundo. Picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Batian waliijaribu wakashindwa. Bendera yao waliisimika Lenana. Mimi naona kushindwa kwao hakuwapunguzii kitu.

Dhana: Jabali lile ni la wageni, Mwafrika hubeba mizigo tu.

Kisoi Munyao alifika Batian mwaka 1959, Mwafrika wa kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa, na uhuru ulipofika Desemba 1963 ndiye aliyeipandisha bendera ya Kenya mlimani. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kupanda Korongo la Almasi, mfereji wa barafu ulioning'inia kati ya vilele viwili, na wapandaji wa barafu wakaja kuujaribu kutoka mbali. Jina la Mathenge linastahili kutajwa kila korongo hilo linapotajwa. Sisikii likitajwa vya kutosha.

Dhana: Mwamba haubadiliki.

Korongo lile sasa limekonda, na sehemu zake zimebaki mwamba mtupu. Barafu ya Lewis, iliyolijaza bonde kati ya Lenana na Nelion, imepungua mpaka haifanani na picha zake za zamani. Mwaka 1970 vifaa vya kibanda cha mabati vilidondoshwa kwa ndege juu ya barafu hiyo, na Ian Howell akavipandisha Nelion akiwa peke yake, safari 13. Kibanda kingali kule juu, kidogo kiasi kwamba huingii ila kwa kutambaa. Ukichungulia mlangoni, unapaona chini mahali mabati yalipodondokea. Leo ni kokoto.