Bernhard Warkentin na Ngano ya Kansas: Yanayosimuliwa na Yaliyokuwa

Ukisoma habari za walowezi wa Kansas, jimbo la Marekani, hukawii kukutana na jina la Bernhard Warkentin, msagaji aliyezaliwa 1847 katika kijiji cha Altonau, koloni la Molotschna, kusini mwa Ukraine ya leo. Husifiwa kwa kuieneza ngano huko, na sifa zake ni za haki. Lakini simulizi limepambwa mno, hadi watu wengi waliostahili kutajwa pamoja naye wamefunikwa.

Dhana: Alikuwa Mjerumani aliyetoka Ujerumani.
Hapana. Yeye ni wa jamii ya Wamennonite, dhehebu la Wakristo wa Kiprotestanti, na mababu wa wengi wao walikuwa watu wa Uholanzi na Flanders. Karne ya 16 waliteswa kwa ajili ya imani yao, wakakimbilia mabonde ya mto Vistula, Poland ya sasa, na huko ndiko walikokuja kuwa wasemaji wa Kijerumani. Malkia Katerina wa Pili aliwaalika wageni Urusi kwa tangazo la 1763. Wamennonite wakaanza kuhamia huko 1789, na Molotschna ikaanzishwa 1804.

Msomaji wa Musoma au Shirati huenda akauliza kama hawa ndio Wamennonite waliofika Mara mwaka 1934. Wamisionari wale walitoka Pennsylvania, na wengi wa Wamennonite wa huko ni wazao wa watu wa Uswisi na kusini mwa Ujerumani. Imani ni moja, lakini njia waliyopita ni nyingine kabisa.

Dhana: Umaskini ndio uliowafukuza.
Maskini walikuwemo, tena wengi, na mwaka 1873 Wamennonite wa Marekani waliunda bodi ya kuwachangia nauli na chakula. Warkentin mwenyewe hakuwa mmoja wao. Alitoka katika familia ya biashara ya nafaka, na mwaka 1872 alikwenda Marekani na vijana wenzake kuitazama nchi, akafikia kwa Wamennonite wa Summerfield, Illinois. Kutoka huko alimwandikia rafiki yake David Goerz barua nyingi, akimweleza hali ya ardhi na mazao.

Kilichowasukuma zaidi ni jeshi. Kuanzia 1871 serikali ya Urusi iliwafutia haki zao za zamani, na sheria ya 1874 ikaleta utumishi wa kijeshi kwa wote. Kwa watu ambao dini yao inakataza kushika silaha, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka huohuo bunge la Kansas lilipitisha sheria ya kuwasamehe utumishi wa mgambo.

Dhana: Alijijenga peke yake.
Hapa ndipo simulizi linapowadhulumu wengine. Mwaka 1875 Warkentin alimwoa Wilhelmina Eisenmayer, binti wa Conrad Eisenmayer, msagaji wa Summerfield. Kinu chake cha Halstead, Kansas, kando ya mto Little Arkansas, na baadaye kile cha Newton, vilikua ndani ya undugu huu wa wasagaji. Wakapata watoto wawili, Edna na Carl, na nyumba waliyoijenga Newton miaka ya 1880 sasa ni makumbusho. Mwaka 1908, mume na mke wakiwa safarini Mashariki ya Kati, Warkentin alipigwa risasi kwa bahati mbaya ndani ya treni, akafa.

Dhana: Ngano nyekundu iitwayo Turkey, aina ngumu ya majira ya baridi, ilifika 1874 ndani ya masanduku ya wahamiaji, na papo hapo ikaigeuza Kansas kuwa ghala la dunia.
Husimuliwa kwamba watoto walichambua mbegu punje moja moja kabla ya safari. Huenda kila familia ilibeba kidogo, lakini mbegu ya vijisanduku haitoshi kupanda jimbo zima. Zaidi ya hapo, ngano ya majira ya baridi ilikuwa tayari inalimwa Kansas; T. C. Henry wa Abilene alikuwa na mashamba makubwa ya aina laini.

Faida ya Turkey ilikuwa uvumilivu. Hupandwa vuli, hulala chini ya theluji, na huvunwa kabla jua la kiangazi halijaunguza shamba. Shida ilikuwa kinuni. Punje yake ni ngumu, na mawe ya kusagia yaliipasua pumba ikachanganyika na unga, unga ukatoka mweusi. Wasagaji waliikwepa au wakailipia bei ya chini, mpaka vinu vya rola za chuma vilipoenea. Ndipo Warkentin alipofanya kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu: kuagiza mbegu safi kutoka Urusi kwa shehena, si kwa mikoba. Ngano hiyo ilitapakaa kweli kuelekea mwisho wa karne, zaidi ya miaka kumi baada ya meli za 1874.

Dhana: Ardhi ilikuwa ya bure, tena tupu.
Sheria ya 1862 iligawa ekari 160 kwa kila mlowezi, ila Wamennonite wengi walitaka kuishi pamoja, kwa hiyo walinunua kwa kampuni ya reli ya Santa Fe. Wakala wake C. B. Schmidt, mzaliwa wa Ujerumani, alikwenda hadi Urusi kuwatafuta wanunuzi. Na tupu haikuwa. Mwaka 1873 serikali iliwahamisha watu wa Kaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka eneo la Council Grove na kuwapeleka Oklahoma ya leo. Mwaka uliofuata, treni za wahamiaji zikaanza kushusha watu katika kaunti za jirani.