Kuchora vekta kutoka kwenye picha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Programu ikishafuatisha picha, kazi imekwisha.
Vekta ni mchoro unaojengwa kwa mistari na maumbo. Programu ya kuufuatisha haioni uso. Inaona pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyounda picha, kisha inazungushia mstari maeneo yenye rangi zinazokaribiana. Ndiyo maana nywele nyeusi zikiwa mbele ya ukuta wa giza, kichwa na ukuta huwa umbo moja, na kivuli cha pua huishia kuwa doa lenye kingo kali shavuni. Tazama jicho kwa karibu. Mchoraji anajua kwamba kope la juu huangusha kivuli juu ya mboni, na kwamba nukta nyeupe ya mwanga ndiyo inayoupa uso uhai. Kwa programu nukta hiyo ni pikseli chache tu. Ukipandisha kipimo cha kuondoa madoa, inafutwa pamoja na uchafu.

Dhana: Nodi zikiwa nyingi, mchoro ni sahihi zaidi.
Nodi ni vituo ambavyo mstari wa vekta hupitia, na dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mkunjo uliopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeutumia kuchorea bodi za magari, huhitaji ncha mbili na vishikio viwili tu vya kuupinda. Duara zima hutoshelezwa na nodi 4. Ufuatishaji wa otomatiki unaweza kumwaga nodi kadhaa kwenye ukingo mmoja wa mdomo, na ukivuta moja tu, mstari unapata kibonyeo. Mashine ya kukatia stika nayo hufuata kila kibonyeo hicho.

Dhana: Ukihifadhi JPG kama SVG, umepata vekta.
Hapana. SVG ni faili la vekta, lakini inaweza kubeba picha ya pikseli, kama JPG, ndani yake. Ikuze sana, ukiona vigae, picha ni ileile.

Dhana: Kupitisha kalamu juu ya picha ni kunakili tu.
Wape wachoraji wawili picha moja uone. Mmoja atajenga shavu kwa tabaka 3 za rangi, mwingine 6. Mmoja ataacha mkunjo wa shingo, mwingine atauona ndio sura yenyewe. Uamuzi huo ndio uchoraji. Lakini haki ya mpiga picha haifutiki kwa sababu umetumia mkono, kwa hiyo omba ruhusa.

Dhana: Otomatiki haifai kabisa.
Inafaa sana kwa saini, mwandiko au nembo ya rangi moja iliyoskaniwa vizuri. Potrace, programu ya kufuatisha ya Peter Selinger, inayotumika ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea vekta, huzifuatisha kwa usafi mkubwa, na hapo mimi siigusi kalamu.