Kosa la kiwandani kwenye sarafu ni nini, na utajuaje kama yako imeharibika tu mtaani

Kosa la kiwandani ni kasoro ambayo sarafu imezaliwa nayo, yaani ilitokea kabla haijatoka kwenye mashine. Kilichoipata baada ya hapo, iwe imekanyagwa na gari, imekaa ardhini miaka au kuna mtu kaigonga nyundo makusudi, huo ni uharibifu tu na wakusanyaji hawaulipii. Naandika hii kwa sababu watu wanapost sarafu zilizopinda au kubadilika rangi, wanasema "adimu sana njoo inboksi", halafu kuna mtu ananunua kweli kwa hela aliyoihangaikia, inauma sana.

Sasa ili uelewe lazima ujue sarafu inavyotengenezwa. Bati refu linakatwa visahani vya duara, visahani vinapita kwenye mashine ya kuinua ukingo, halafu kimoja kimoja kinaingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu mmoja chini, pembeni kuna pete inakibana kisitanuke, mashine inagonga na sarafu imetoka. Kila kosa la kweli lina mahali pake humo ndani. Kwa hiyo ukishika sarafu ya ajabu jiulize, mashine ingefanyaje mpaka itokee hivi? Ukikosa njia kabisa, hiyo imeharibiwa nje.

Chukua sarafu yenye pengo pembeni. Kiwandani hutokea bati lisiposogea vizuri, kikataji kikashukia kwenye tundu la kisahani kilichotangulia, kama unavyokata mandazi kwa glasi ukagusa ulipokwisha kukata. Pengo linakuwa la mviringo, herufi zilizo karibu nalo zinavutika na kufifia, na mara nyingi ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo, unakuwa hafifu maana ile mashine ya ukingo haikupata kitu cha kukandamizia. Aliyekata kwa mkasi au tupa anasahau huo upande wa pili, na herufi zake zinakatika ghafla.

Kingine ni mwinuko. Muhuri ukipata ufa, madini yanaingia kwenye ule ufa, kwa hiyo kwenye sarafu unaona mstari ULIOINUKA. Mkwaruzo ni kinyume, unazama ndani na pembeni yake unakuta madini yamesukumwa yakatengeneza kikingo kidogo. Pitisha lenzi tu utaona.

Maandishi mawili mawili ndo yanachanganya wengi. Senti moja ya Marekani ya 1955 ni maarufu kwa sababu muhuri wenyewe ulitengenezwa na picha mbili zisizolingana, zikatoka sarafu zaidi ya 20,000 na tarehe inaonekana mara mbili hata bila lenzi. Pale kila herufi imekuwa nene, picha zote mbili zimeinuka vizuri na kwenye kona unaona zinavyoachana. Ila kuna ile ya muhuri kulegea ukateleza kidogo wakati wa kugonga, hapo herufi inabanwa ubavuni, inakuwa nyembamba na pembeni ina kama ngazi ndogo bapa. Imetokea kiwandani ndiyo, lakini wakusanyaji wengi hawaongezi hata senti kwa hiyo.

Halafu kuna rangi. 1943 Marekani walitengeneza senti za chuma zilizopakwa zinki kwa sababu shaba ilihitajika vitani, ila vikapita visahani vichache vya shaba, na hizo leo ni mali kubwa sana. Basi watu wakaanza kuchovya za chuma kwenye shaba! Weka sumaku, ikinasa ni ya chuma, na ukiipima kwenye mizani, senti ya chuma ina gramu 2.7 wakati ya shaba ni 3.11. Wengine wanachukua ya 1948 ambayo ni ya shaba kweli wanakwangua 8 iwe 3, hiyo sumaku haitakusaidia, angalia umbo la 3 maana ile halisi ina mkia mrefu unaoshuka chini ya tarakimu zingine.

Ukikuta picha ya kichwa imezama ndani na imegeuka kama kwenye kioo, usikimbilie kufurahi. Inaweza kutokea kiwandani sarafu ikinasa kwenye muhuri ikagonga inayofuata, lakini pia mtu anaweza kubana sarafu mbili kwenye jiliwa, kile kibanio cha mafundi, na hapo utakuta picha ya awali ya upande ule bado ipo chini, imepondwa.

Kwa huku kwetu ni matundu. Senti 5 na 10 za East Africa za kikoloni zina tundu katikati kwa makusudi, maandishi yamepangwa kulizunguka. Shilingi ya wakati huo yenye kichwa cha mfalme haikuwa na tundu, ukiikuta nalo juu ya kichwa ujue ilitobolewa ivaliwe shingoni, geuza upande wa pili uone madini yalivyochomoza pale msumari ulipotokea.