Jina la Kinormani si hati ya ubaroni

Wengi huamini kuwa mwenye jina kama Montgomery ni mzao wa baroni (kabaila mwenye ardhi) aliyepigana Hastings mwaka 1066, Wanormani walipoivamia Uingereza wakiongozwa na William, aliyekuja kuwa mfalme wake. Imani hiyo inaeleweka, maana orodha za "waliovuka na mfalme" zipo. Ila ziliandikwa karne nyingi baadaye, na nakala zake hazifanani.

Montgomery lilianza kama jina la mahali huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, walikotoka Wanormani. Hata mtumishi aliyetoka huko angeweza kuitwa hivyo.

Ukitaka kuhakiki, anza na babu unayemjua urudi nyuma, kizazi kwa kizazi. Kwa ardhi, fungua Domesday, daftari la ardhi ya Uingereza la 1086, iliyopo bure intaneti: inaonyesha nani alishika shamba kabla na baada ya uvamizi. Usishangae mashamba ya baroni mmoja kutawanyika kaunti kadhaa. Kinachosumbua ni majina: wengi wameandikwa "Ralph" au "Robert" tu, basi.