Kwa nini mechi mbili za mwisho za kundi huanza kwa kipenga kimoja?

Msimu wa Kombe la Dunia au wa AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, ukifika, Malindi huchelewa kulala. Katika mabanda ya kuonyeshea mpira ya Maweni na Majengo, na katika mikahawa ambako Waitaliano wanaoishi mjini huketi meza moja na vijana waliojifunza lugha yao ufuoni, siku za mwanzo hupita kwa raha. Mechi ikiisha nyingine inaanza, na aliyelipa kiingilio haikosi hata moja. Kisha huja raundi ya tatu ya makundi, na ugomvi nao. Mechi mbili za kundi moja zinachezwa wakati uleule, skrini ni moja, wa huku wanataka hii na wa kule wanataka ile. Kwa nini waandalizi wafanye hivyo, na siku wanazo tele?

Wengi hudhani ni njama za televisheni. Kumbe televisheni ingefurahi zaidi kila mechi ingekuwa na saa yake, maana mechi mbili zikigongana watazamaji hugawanyika. Kanuni hii inawanyima waandalizi faida, na bado hawathubutu kuiacha. Chanzo chake kikuu ni mechi iliyochezwa Uhispania mwaka 1982, na walioumizwa nayo ni Waafrika.

Algeria walikuwa wanacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kundi lao lilikuwa na Ujerumani Magharibi, Austria na Chile, wawili wa juu ndio wanaopita, na wa kwanza kukutana naye ni Mjerumani, bingwa wa Ulaya wakati huo. Tarehe 16 Juni, mjini Gijón, Rabah Madjer alifunga la kwanza. Karl-Heinz Rummenigge akasawazisha, na hata shangwe za Wajerumani hazijatulia Lakhdar Belloumi akafunga la pili. Algeria 2, Ujerumani Magharibi 1. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imeifunga timu ya Ulaya katika Kombe la Dunia.

Mechi iliyofuata Algeria walifungwa 2-0 na Austria. Ya tatu, tarehe 24 Juni, waliwapiga Chile 3-2. Wakati ule ushindi ulikuwa na pointi mbili, kwa hivyo Algeria walimaliza na pointi nne. Kazi yao ikawa imekwisha. Wakaenda kuketi kusubiri Ujerumani na Austria, waliopangiwa kucheza kesho yake.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Austria walikuwa na pointi nne, Ujerumani mbili, na wote wawili walishaona matokeo ya Algeria hadi bao la mwisho. Ujerumani wasiposhinda, wanatoka. Wakishinda kwa mabao matatu bila jibu, Austria ndio wanatoka na Algeria wanapita. Lakini Ujerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, Ujerumani na Austria wanapita pamoja na Algeria wanafungasha virago. Hakuna aliyehitaji kukisia. Hesabu ilikuwa mezani usiku kucha.

Mechi ilichezwa Gijón vilevile. Mapema kabisa, yapata dakika ya kumi, Horst Hrubesch alifunga. Baada ya hapo mpira ulikufa. Dakika karibu themanini zilipita kwa pasi za nyuma, pasi za pembeni, na kipa kurudishiwa mpira. Watazamaji walizomea, wengine wakapunga noti kuonyesha kwamba wanachokiona kimeshanunuliwa. Mtangazaji wa televisheni ya Austria aliwaambia watu wa kwao wazime televisheni zao. Matokeo yakabaki 1-0. Timu tatu zikawa na pointi nne nne, na Algeria wakaachwa kwa tofauti ya mabao, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa: Ujerumani +3, Austria +2, wao sufuri. Walipolalamika, FIFA ilijibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Ujerumani walifika hadi fainali, ambako Italia iliwafunga 3-1.

Jibu lile la FIFA lilikuwa la kweli, na ndilo linaloumiza. Wawe walipatana hotelini au walielewana tu uwanjani kwa kutazamana, sheria ya mpira haimlazimishi mtu kushambulia. Huwezi kumwadhibu mchezaji kwa kupiga pasi nyuma. Kosa lilikuwa la ratiba: ni mnada ambao wawili wameruhusiwa kutaja bei baada ya mwenzao kutaja yake na kuondoka.

Wala halikuwa jambo geni. Miaka minne kabla, Argentina 1978, Brazil, waliokuwa kundi moja na Argentina, walimaliza mechi yao ya mwisho ya kundi dhidi ya Poland kabla wenyeji hawajaanza yao na Peru siku hiyohiyo. Argentina waliingia uwanjani wakijua wanahitaji kushinda kwa mabao manne. Wakashinda 6-0 na kwenda fainali. Shaka zilizosemwa juu ya mechi hiyo hazikuthibitishwa, ila kwamba waliijua hesabu yao kabla ya kipenga, hilo halina ubishi.

Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 nchini Mexico, mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza pamoja. Dawa yenyewe ni ndogo kuliko ugonjwa ulivyokuwa. Haiwezi kumwondolea mtu tamaa ya kupatana, inamwondolea uhakika tu. Timu mbili zikitaka kuridhika na sare, kule kwingine bao moja la dakika ya 89 linaweza kuifanya sare hiyo kuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Tarehe 1 Disemba 2022, huko Qatar, Japan walikuwa wanaongoza dhidi ya Uhispania 2-1, na katika uwanja mwingine Costa Rica wakawatangulia Ujerumani 2-1. Kwa kama dakika tatu mabingwa wa zamani wote wawili walikuwa nje ya mashindano kwa pamoja, hadi Kai Havertz aliposawazisha. Mwishoni Ujerumani walishinda 4-2, na bado wakatoka. Msisimko kama ule hauwezi kuletwa na ratiba nyingine yoyote.

Hata hivyo kipenga kimoja hakizibi kila tundu. Waitaliano wa Malindi waliokuwa mbele ya televisheni tarehe 22 Juni 2004 wanalijua hilo. Katika kombe la Ulaya huko Ureno, Italia walikuwa wametoka sare 0-0 na Denmark, na 1-1 na Uswidi. Kanuni za Ulaya zilisema timu zikilingana pointi, zitazamwe kwanza mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hivyo Denmark na Uswidi wakitoka sare ya 2-2 au ya mabao zaidi, wanapita wote, hata Italia wawafunge Bulgaria kumi. Mechi zote mbili zilianza pamoja. Denmark na Uswidi wakamaliza 2-2, bao la kusawazisha likiingia dakika ya 89. Italia waliwashinda Bulgaria 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza la Antonio Cassano, na wakarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja. Hakuna ushahidi kwamba watu wa kaskazini walipatana. Ila saa haikuweza kusaidia, kwa kuwa matokeo yaliyowafaa hayakutegemea uwanja wa pili.

Tundu kubwa zaidi sisi Wakenya tulilipitia wenyewe. Tarehe 1 Julai 2019, katika AFCON mjini Cairo, Kenya walicheza na Senegal wakati uleule Tanzania wanacheza na Algeria. Kwa watu wa pwani hii ulikuwa usiku mgumu, maana ni nyumba ngapi Malindi ambazo hazina ndugu Tanga au Dar es Salaam? Siku nne kabla, Harambee Stars walikuwa wamewafunga Taifa Stars 3-2 baada ya kutanguliwa mara mbili, Michael Olunga akipachika mawili. Sasa Kenya walikuwa na pointi tatu. Patrick Matasi alipangua penalti ya Sadio Mané, na mapumziko yakafika 0-0. Kipindi cha pili tukafungwa matatu. Tanzania nao walifungwa matatu.

Kundi lile lilichezwa kwa haki kamili. Lakini AFCON ya mwaka ule ilikuwa ya timu 24 katika makundi sita, na ili kupata timu 16 za mtoano, ilibidi zichukuliwe nne bora kati ya zile sita zilizoshika nafasi ya tatu. Kenya walimaliza wa tatu, pointi tatu, tofauti ya mabao -4. Makundi mawili yalikuwa bado. Kwa hivyo tulifanya kama walivyofanya Algeria 1982: tuliketi kusubiri, na kila mtu alishaona hesabu yetu.

Kesho yake Benin, wenye pointi mbili, waliingia kucheza na Cameroon. Sare iliwatosha kutupita, na sare hiyohiyo iliwapitisha Cameroon pia. Wakatoka 0-0. Siwalaumu Benin hata kidogo. Walipata walichokihitaji, kisha wakawatoa Morocco kwa mikwaju ya penalti, na hakuna anayefika huko kwa kubahatisha. Ila Kenya walicheza bila kujua bei na Benin wakacheza wakiijua, na tofauti hiyo haikutokana na ubora wa mtu bali na herufi ya kundi. Aliye kundi A, linalomaliza mapema, ana hasara kuliko aliye kundi F, linalomaliza mwisho.

FIFA wenyewe walikaribia kuurudisha ugonjwa wa Gijón. Mpango wa kwanza wa Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48, ulikuwa makundi 16 ya timu tatu tatu. Katika kundi la watatu, siku ya mwisho mmoja lazima awe ameshamaliza na anatazama tu. Mwezi Machi 2023 waliuacha, wakachagua makundi 12 ya timu nne, mechi 104 kwa jumla. Nafuu ilikuwa kubwa, lakini wameingiza timu nane bora za nafasi ya tatu, kwa hivyo kusubiri kwa Kenya kumekuwa kusubiri kwa dunia nzima.

Kuchezesha makundi yote kwa kipenga kimoja haiwezekani, kwani makundi 12 yangehitaji viwanja 24 vilivyo wazi kwa wakati mmoja. Dawa iliyobaki ni idadi ya timu. Zikiwa 16 au 32, wawili wa juu wanapita, wa tatu anatoka, na kila kundi linajimalizia mambo yake lenyewe. AFCON ilikuwa hivyo hadi 2017. Natamani irudi huko, ingawa najua timu 24 ziliipa nchi kama yetu nafasi pana ya kufuzu. Kwa AFCON ya 2027, iliyopangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, wenyeji hawahitaji kufuzu. Mwenyeji atakayeangukia kundi la mwanzo asiridhike na nafasi ya tatu, na akiwa ameshafungwa, asiache kulinda lango hadi kipenga cha mwisho, maana watakaocheza baada yake watakuwa wanahesabu kila bao aliloruhusu.