Je, wajua kwa nini grandimasta, mchezaji wa cheo cha juu kabisa cha chesi, huona jibu la fumbo la chesi kwa sekunde chache?

Fumbo la chesi kwa kawaida ni ubao uliosimamishwa katikati ya mchezo halisi, ukiwa na agizo fupi kwamba mweupe acheze na ashinde. Kijana wa Mbeya anayejifunza kwa simu huweza kuukodolea macho dakika kumi asione kitu, ilhali grandimasta hulihisi jibu kabla hajaanza kupiga hesabu. Wengi hudhani kwamba amezaliwa na kumbukumbu ya ajabu.

Mwaka 1973, watafiti wa Marekani William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakawataka wazipange kete upya bila kutazama. Mpangilio ulipotoka katika mchezo halisi, bingwa alirudisha mahali pake kete zipatazo 16, na anayeanza kama 4. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bingwa alikwama karibu sawa na wenzake. Kumbe haoni kete moja moja, bali huona makundi aliyokwisha kuyazoea kwa miaka mingi, na kila kundi huja na hatua yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Tigran Petrosian, alipotetea ubingwa wa dunia dhidi ya Boris Spassky mjini Moscow mwaka 1966. Katika mchezo wa 10 alimpeleka malkia wake h8 (kila mraba wa ubao hutajwa kwa herufi na namba), akamtishia mfalme na kumtoa malkia huyo bure. Mfalme akimla, farasi mweupe anaruka kutoka d6 hadi f7, anakula ngome, na papo hapo anamtishia mfalme aliye h8 pamoja na malkia mweusi aliye g5. Spassky alikubali kushindwa hapo hapo. Miaka 10 kabla, Petrosian alikuwa amemmaliza Vladimir Simagin kwa pigo lile lile: malkia h8, farasi f7. Naamini mkono wake uliijua njia hiyo tayari.

Wacheza drafti wa vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, wanalijua jambo hili vizuri, maana mzoefu hutoa kete moja iliwe, akijua tangu mwanzo kwamba atakula tatu.

Anayetaka kujenga hazina hiyo ya makundi na hatua zake na aanze kila fumbo kwa kutazama hatua zinazomtishia mfalme, hata zile zinazoonekana za kipuuzi kama kumtoa malkia, kwa kuwa hizo humwachia mpinzani majibu machache, tena yanayohesabika. Afuate jibu hadi mwisho kichwani kabla ya kugusa kete, na lile alilolikosa alirudie baada ya siku kadhaa, mpaka alitambue bila kuhesabu. Ugumu mmoja hubaki: fumbo lenyewe humwambia kwamba pigo lipo, lakini katika mchezo halisi hakuna wa kumtonya, hivyo hana budi kuuliza swali hilo mwenyewe kila mpinzani anapocheza.